Mguu mpya wa flashi kwa shilingi 850: nimeufunga mwenyewe nyumbani Migosi

Kipande ninachokizungumzia ni mguu wa flashi, ile sehemu ya chini inayoteleza kwenye reli iliyo juu ya kamera, yenye gurudumu la kukazia na pini tano tumboni. Huu wangu ni wa chuma, umetengenezwa kwa flashi za kamera za Canon, hauna jina la kampuni popote, na ulinifikia kwa basi kutoka Nairobi ndani ya bahasha ya kaki iliyozungushiwa selotepu mpaka nikahitaji kisu. Shilingi 850, na 250 za mzigo. Nimeutumia miezi minne sasa: harusi tatu, mahafali moja kule Maseno, na mazishi ambayo sikuhesabu. Nadhani nina haki ya kusema.

Wa kwanza, wa plastiki, ulivunjikia Bondo. Sisi wapiga picha wa Kisumu tunakula kwa mazishi. Harusi ni sikukuu. Na asikudanganye mtu kwamba flashi ni ya usiku. Saa saba mchana wafiwa wameketi chini ya hema, na nyuma yao jua linawaka mpaka majani yanaonekana meupe. Usipowasha flashi, familia nzima inatoka giza totoro, na hakuna atakayekulipa kwa picha ya vivuli. Nilikuwa narudi nyuma hatua moja moja ili nipate ukoo wote kwenye fremu, wajukuu mpaka wakwe, kisigino kikanasa kwenye kamba ya hema. Mimi nilidakwa na mzee mmoja. Kamera ilidakwa na mkanda wake. Flashi ikagonga mlingoti. Nilipoinua macho ilikuwa inaning'inia kwa nyaya zake kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, na akina mama wa kwaya wanasema "yawa, yawa" utafikiri tumepata msiba wa pili.

Jumatatu nikaizungusha mjini. Fundi wa kwanza alitaka 4,000 na wiki mbili, na hakutaka kuniambia angefanya nini katika wiki hizo mbili. Wa pili, kijana wa simu karibu na stendi, aliigeuza mara moja akasema, "Madam, hii tunapiga supa gluu, unaenda." Nyaya mbili zilikuwa zimekatika kabisa, supa gluu ingezishikisha na nini? Flashi mpya ya aina yangu nilitajiwa 15,000. Hii niliinunua mwaka 2022, wiki chache kabla ya mkutano wa Africities ulioleta wageni Kisumu mwezi wa Mei, na ilishanirudishia pesa zake kitambo. Basi nikaagiza kipuri.

Sasa lawama yangu kubwa, naiweka mapema ili anayesoma nusu nusu asiikose. Ndani ya bahasha hamkuwa na hata mstari mmoja wa onyo. Tangazo la muuzaji lilisema "rahisi kufunga, dakika kumi". Kwa flashi kama yangu kazi haiishii kwenye skrubu nne za chini. Nyaya za mguu zinapanda hadi kwenye bodi, bodi iko ndani ya kiwiliwili, na kando yake imelala kapasita, kile kipande kinachohifadhi umeme, nene nyeusi, unene wa kidole gumba cha mwanamume. Yangu imeandikwa ubavuni: 330V, maikrofaradi 1000. Betri nne unazotia ni volti 6 tu kwa jumla, ndiyo maana watu huidharau flashi. Lakini ile sauti nyembamba ya wiiii unayoisikia ukiwasha ni saketi inayopandisha hizo volti 6 hadi 300 na ushei, kisha zinakaa kwenye kapasita zikisubiri ubonyeze. Umeme wa ukutani kwetu ni 240. Ikijaa, kapasita hiyo inabeba jouli kama 54, na inaweza kuzitoa zote kabla hujapepesa jicho, maana ndiyo kazi iliyowekewa. Zikikupitia kifuani zinaweza kukuua. Muuzaji anaandika dakika kumi!

Na kutoa betri hakuimalizi kapasita hiyo umeme wake. Hilo nilifundishwa na mpwa wangu, anayesoma mambo ya umeme pale Kisumu National Polytechnic. Nilimpigia kuomba mita yake ya kupimia umeme tu. Akaja mwenyewe na boda, akakataa chai mpaka aone flashi iko wapi.

"Anti, umegusa ndani?"

Sijagusa.

"Betri ulitoa lini?"

Jana asubuhi.

Akafungua kiwiliwili huku mkono mmoja ameutia mfukoni. Nikadhani ni maringo ya ujana, hadi aliponieleza kwamba mkono mmoja ukikaa mbali, umeme unakosa njia ya kutoka mkono hadi mkono kupitia kifuani. Akagusisha ncha za mita kwenye miguu miwili ya kapasita. Volti 118. Betri zenyewe zilikuwa kabatini tangu jana.

Wako mafundi wanaoimaliza kapasita kwa kulaza bisibisi juu ya miguu yote miwili. Inalia pa! kama fataki, inakula ncha ya bisibisi, na inaweza kuharibu kapasita yenyewe au njia za shaba kwenye bodi. Sisi tulitumia rezista, kipande kinachoupunguza umeme mwendo, ya kilo-omu 10, wati 10, ile nyeupe ya kauri ambayo duka la vipuri vya redio waliniuzia kwa shilingi 40. Tukaiunga na nyaya mbili zenye klipu za mdomo wa mamba, kila palipokuwa wazi tukapazungushia tepu ya umeme. Unabana klipu, unasubiri dakika nzima, umeme unashuka bila kelele. Mita ikasoma volti 1. Nikachukua bisibisi, akaniambia hapana Anti, sasa ndiyo chai. Tuliporudi mezani mita ikasoma volti 6. Sikuwa na habari kwamba kapasita ikishamalizwa hujirudishia kidogo, chaji iliyokuwa imezama kwenye tabaka zake inapanda tena. Tukaimaliza mara ya pili, na klipu tukaziacha zimebana hadi mwisho wa kazi.

Yote haya yangeenea kwenye kikaratasi cha ukubwa wa risiti ya supamaketi. Kwa hilo peke yake nimempunguzia muuzaji nyota moja, na ningempunguzia mbili kama kipuri chenyewe kisingekuwa kizuri hivi.

Maana ni kizuri. Kina uzito, kingo hazikwaruzi kidole, na pini zote zinabonyea na kurudi bila kusitasita. Kwa Canon ile pini kubwa ya katikati ndiyo inayofyatua. Nne ndogo ni za mazungumzo: kupitia hizo kamera na flashi zinaelewana, flashi ipige mwanga mdogo kwanza, kamera ipime, kisha iamue mwanga wenyewe uwe kiasi gani. Njia ya sita ni chuma cha reli, kinachofunga mzunguko. Kwa hiyo nyaya sita.

Na kwenye nyaya ndipo walipoharibu. Za zamani zilikuwa za rangi sita tofauti. Za mguu mpya zilikuwa sita, mbili zote za njano. Si njano na machungwa, njano na njano! Ningefuata rangi pengine ningeunga ishara ya kufyatua mahali pa mazungumzo, na sijui bodi ingejibu nini. Nikafuata mahali badala ya rangi. Kabla ya kukata chochote nilipiga picha za ndani kwa simu, kutoka juu na kutoka pembeni, kisha nikachora pini tano kwenye karatasi ya maandazi, kila moja na nambari yake. Mita ukiiweka kwenye mlio, unagusisha ncha moja kwenye pini na nyingine kwenye mwisho wa waya. Ikilia ujue hiyo ndiyo yake. Njano ya kwanza ikawa nambari 2, njano ya pili nambari 5. Nikaifunga uzi mwekundu wa kushonea ili nisije nikazichanganya usiku.

Nyaya pia ni fupi. Sentimita nne, ilhali kutoka chini hadi kwenye bodi ya flashi yangu inataka saba au nane. Ilibidi nirefushe kila moja kwa kipande cha waya wa chaja mbovu ya simu, na juu ya kiungo kuvisha ule mrija mwembamba unaonywea ukipata moto. Nilitumia kibiriti cha gesi, nikauchoma mmoja, mitano ikakaa vizuri. Kama flashi yako inatumia plagi ndogo badala ya kulehemu, angalia kwanza kabla hujanunua huu, kwa sababu hauna plagi yoyote.

Kulehemu nilianza saa moja unusu jioni, na hapo nilijikosea mwenyewe. Anayekaa Kisumu anajua: msimu wa wadudu wa ziwani ukifika, taa ikiwaka dirisha likiwa wazi, wanaingia kama moshi. Walikuwa wanaanguka kwenye lehemu inayoyeyuka wanageuka majivu, wengine wanakwama kwenye flaksi, ile dawa inayosaidia lehemu kushika. Nikafunga madirisha. Joto likawa la kuoka mkate, jasho linadondoka kwenye meza niliyotandika taulo jeupe ili skrubu zisipotee. (Taulo ni wazo zuri. Skrubu ikianguka kwenye sakafu ya saruji huioni tena mpaka siku ya kuhama.) Pasi yangu ya kulehemu ni ya wati 30, ya shilingi 600, haina kirekebisha joto, na kwa nyaya nyembamba hivi inatosha ukiwa na mkono mwepesi. Sekunde mbili, tatu, unatoa. Ukikawia, plastiki ya waya inarudi nyuma na kuacha shaba uchi.

Saa nne usiku nikafunga kila kitu, nikatia betri, nikachomeka flashi kwenye Canon 6D yangu, nikabonyeza. Chumba kizima kikawa cheupe. Mbwa wa jirani akabweka. Nikapiga tena na tena kama mtoto aliyepewa tarumbeta, mara kumi na mbili, zote kwa kuamrisha nguvu mwenyewe. Kisha nikabadilisha ili kamera ndiyo iamue mwanga. Kimya. Menyu ya kamera ikaniambia haioni flashi yoyote. Pini ya kufyatua ilikuwa inafanya kazi, lakini moja kati ya zile nne za mazungumzo ilikuwa bubu.

Kesho yake jioni nikafungua peke yangu, mpwa alikuwa na mtihani. Hapa ndipo ningependa uende polepole kama unafuata njia yangu: baada ya kujaribu, kapasita imejaa upya. Siku ya kwanza nilikuta 118. Sasa mita ilisoma 296. Nikatia mkono wa kushoto mfukoni, nikabana klipu moja, nikabana ya pili, nikahesabu hadi tisini badala ya sitini. Sioni aibu kusema goti lilikuwa linacheza.

Kosa lilikuwa kwenye ile nambari 5, ya uzi mwekundu. Lehemu ilikuwa imekaa juu ya waya kama tone la ugali uliopoa, imefifia, haing'ai, haijashika chini. Nikaipasha moto upya na flaksi kidogo, ikatandaa, ikang'aa. Dakika mbili. Tangu siku hiyo kamera na flashi hazijawahi kugombana.

Nilipokuwa ndani nilisafisha pia chumba cha betri, kwa sababu pembeni palikuwa na ule unga mweupe wa betri za alkalini zilizovuja zamani. Huo unga ni wa jamii ya magadi, kwa hiyo asidi nyepesi inaumaliza: siki kidogo kwenye pamba ya masikio, inachemka povu, unafuta, halafu spiriti ili kukausha. Msasa usitumie. Unakwangua ile ngozi ya nikeli, na kwa unyevu wetu huu wa ziwani chuma kilichobaki uchi kinashika kutu upesi. Mimi nilitumia kifutio cha penseli. Siku hizi natia betri za kuchaji peke yake. Hazivuji ovyo kama zile, na mazishi ya siku nzima yanakula seti tatu.

Bisibisi ziwe za maana. Seti yangu niliinunua soko la Kibuye siku ya Jumapili, shilingi 350, vichwa ishirini na nne kwenye kijiboksi cha buluu kinachovutia sana. Chuma chake ni laini kama risasi. Skrubu za mguu zilitoka, lakini moja ya kiwiliwili ikaanza kulika msalaba kabla haijazunguka hata robo. Niliiokoa kwa kuweka kipande cha raba bendi kati ya bisibisi na skrubu, nikakandamiza kwa uzito wa kiganja, ikakubali. Baadaye nikatafuta bisibisi mbili tu nzuri, nambari 0 na nambari 00, kwa 700. Kama una 350, usipitie Kibuye, ongeza hadi ifike 700.

Hesabu basi. Kipuri na usafiri 1,100. Rezista, klipu, mrija, flaksi na lehemu, kama 480. Bisibisi za kwanza 350, za pili 700. Pasi ya kulehemu nilikuwa nayo. Jumla 2,630, na jioni mbili za jasho. Fundi alitaka 4,000, kwa hiyo nimeokoa 1,370, ambayo ukiondoa samaki niliomlisha mpwa pale Dunga, tusizungumzie. Lakini nina bisibisi, nina rezista yenye klipu, na najua kilicho ndani ya kifaa ninachokibeba usoni mwa watu kila Jumamosi. Kama huna mita, au huna mtu wa kukaa nawe mara ya kwanza, mpelekee fundi, na kabla hujamwachia muulize kapasita ataimaliza vipi. Akikuonyesha bisibisi, chukua flashi yako.

Kazini mguu unafanyaje? Gurudumu la kukazia lilikuwa gumu wiki mbili za kwanza, hadi nilikuwa naomba bwana harusi anishikie kamera, sasa limelainika. Kwenye reli hauchezi hata kidogo, tofauti na ule wa plastiki uliokuwa unatikisika tangu upya. Maseno kwenye mahafali nilipiga zaidi ya picha 900 kwa siku moja, jua, vumbi, majoho meusi, nyuso zilizofunikwa na kofia zile za ubao, na flashi haikukosa ila pale betri zilipochoka. Pini hazijachakaa. Rangi nyeusi imeanza kutoka kwenye kingo, jambo lisilonihusu.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukifikiria nilipoona neno "chuma" nikafurahi. Siku ile ya Bondo plastiki ilivunjika na kamera ikapona. Plastiki ilikufa ili reli isife, kama fyuzi. Huu mguu wa chuma hautavunjika. Flashi ikigonga mlingoti tena, nguvu yote itateremka kwenye reli ya kamera, ambayo imeshikwa na skrubu ndogo juu ya kifuniko, na kung'oa reli ya 6D si kazi ya 850. Nimeanza kutembea kwenye hema kama bi harusi mwenye shela ndefu, naangalia kila kamba. Kwenye dansi za usiku, pale ambapo viwiko havina adabu, naitoa kabisa juu ya kamera, naiweka kwenye stendi pembeni na kuifyatua kwa rimoti.

Flashi yangu ya pili, ya akiba, nayo mguu wake umeanza ufa. Jana nimeagiza kwa muuzaji yule yule. Wa plastiki, shilingi 400, na nimemwandikia kwamba nyaya mbili za njano sizitaki.